Kuitambua Fedha Halisi

Leo twapenda kuzungumza juu ya mapambo ya fedha, na jinsi ya kuyapambanua yaliyo halisi na yaliyo ya bandia.

Mama mmoja mjane, jirani wa chuo chetu, alitujia na bangili mbili zilizofanana kama mapacha. Alikuwa amemkopesha mtu pesa zake za kahawa, akapewa bangili hizo ziwe rehani. Mkopaji hakurudi. Sasa muhula wa shule ulikuwa karibu, na mama yule alitaka kuziuza apate ada ya mwanawe. Tukamwuliza, "Mama, je, ulizijaribu siku ile ulipozipokea?" Akajibu, "Naam, walimu wangu. Nilisugua moja juu ya jiwe, nikaiona nyeupe hata ndani." Moja tu! Nasi tukaingiwa na shaka.

Katika lugha yetu neno fedha ni jina la madini, na pia ni jina la pesa, wala si bure. Zamani masonara waliyeyusha sarafu wakafua vikuku na mikufu. Reale ya Maria Theresa, ambayo huandikwa mwaka 1780 hata kama imepigwa miaka mingi baadaye, ina fedha sehemu 833 katika 1,000. Rupia ya Wajerumani walipotawala nchi hii ilikuwa na sehemu 917. Lakini shilingi ya Afrika ya Mashariki, iliyopigwa tangu 1921 hata 1946, ilikuwa na sehemu 250 tu. Na ile iliyopigwa tangu 1948 haikuwa na fedha hata chembe, ila shaba na nikeli. Basi mtu akikuambia, "Bangili hii imefuliwa kwa sarafu za kale," hajakuambia neno bado. Mwulize, sarafu zipi?

Wengi huyatumaini macho, na macho ndiyo yanayodanganywa upesi. Fedha halisi huingia weusi ikikaa, kwa sababu ya kiberiti kilichomo hewani, hata katika yai. Kwa hiyo twaona watu wakikataa pambo jema kwa kuwa ni jeusi, wakachukua la bandia kwa kuwa lang'aa. Weusi huo husuguliwa ukatoka. Rangi ya kijani ndiyo ya kuangaliwa, maana hiyo hutoka katika shaba. Tazama pia mahali palipolika, penye pembe na penye kifungo: kama ni shaba iliyopakwa fedha, manjano au wekundu huanza kuchungulia hapo. Sumaku haivuti fedha, lakini haivuti shaba pia, basi yafaa kwa kufichua chuma tu. Alama 925 maana yake ni sehemu 925 za fedha katika 1,000, ila mwenye kughushi pambo hashindwi kughushi na alama. Na vijiko vyenye herufi E.P.N.S. vimepakwa fedha kwa nje tu. Ndani ni shaba, nikeli na zinki.

Turudi kwa mama yetu. Tulizipima bangili zake katika mizani ya chuo, na kila moja ilikuwa gramu 84. Mtu mwingine angeridhika hapo. Nasi tukaifunga ya kwanza kwa uzi mwembamba, tukaining'iniza chini ya mkono wa mizani, imezama yote katika bakuli la maji bila kugusa chini wala kando. Uzito ukawa karibu gramu 76. Ya pili ikawa 74.

Sababu yake ni hii. Kitu kilichozama hupungukiwa na uzito sawasawa na uzito wa maji kinayoyasukuma. Fedha safi ina uzito mara 10 na nusu ya maji ya kadiri ile ile. Shaba ya manjano, kiasi cha mara 8 na nusu. Bangili ya pili ilifanywa nene kidogo ili uzito ulingane, na unene huo ukasukuma maji mengi zaidi. Tukaikwaruza kwa tupa upande wa ndani, akiwapo mwenyewe na kwa ruhusa yake, tukaona manjano.

Mama alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza kama ile ya kwanza yatosha ada. Sonara aliinunua kwa uzito wake, ikatosha nusu ya ada, na nusu ya pili mkuu wa shule alikubali kuingoja hata mavuno ya kahawa.

Kipimo hiki hakifai kwa bangili zenye uvungu, wala zenye vito. Hizo zipelekwe kwa sonara mwenye jiwe lake na tindikali yake. Lakini bangili zilizofuliwa nzima zaweza kupimwa shuleni penye mizani ya sayansi. Zioshwe kwanza kwa sabuni, mafuta yatoke, na mpimaji azitikise ndani ya maji mpaka mapovu ya hewa yaishe. Na zikiletwa mbili, zipimwe mbili.