Ulimi Unaosukuma Meno: Tuanzie Wapi?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kaptembwo, Nakuru)



Nimeombwa niseme juu ya watoto wanaosukuma ulimi mbele. Mnawajua. Mtoto akimeza mate au uji, ncha ya ulimi inatokeza kati ya meno ya juu na ya chini. Akiuma magego, meno ya mbele hayakutani, unaona mwanya kama dirisha. Chapati hawezi kuikata kwa meno ya mbele, anairarua kwa ya pembeni. Ana kitembe: sukari inakuwa "thukari", na wenzake shuleni wanamcheka mpaka anaacha kuinua mkono darasani. Si watoto wachache. Watoto 919 wa miaka 13 hadi 15 walipochunguzwa Nairobi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, kama 8 katika kila 100 walikuwa na mwanya huo wa mbele.

Swali ambalo wazazi huuliza kwanza ni, "Waya za meno ni pesa ngapi?" Nawaomba tuliweke kando kidogo. Waya ni za mwisho, si za kwanza, na anayeanza nazo aweza kumaliza akiba ya miaka halafu meno yarudi yalipokuwa.

Tuangalie umri kwanza. Mtoto mchanga husukuma ulimi kwa maumbile yake. Ukimpa uji mapema mno anautoa wote nje, na huo si ukaidi. Hali hiyo hupungua kuanzia miezi minne hadi sita hivi, lakini wengine humeza kitoto mpaka miaka mitano au sita. Tena meno ya mbele ya utotoni yakingʼoka, ulimi lazima uchungulie pale pengoni mpaka ya ukubwani yashuke. Hapo hakuna cha kutibu, ngoja tu. Lakini akifika miaka minane, meno ya ukubwani yameshatoka na dirisha bado lipo, mpeleke aonwe.

Sasa sikizeni jambo moja ambalo wengi hawalijui. Tunadhani ni nguvu ya kumeza inayosukuma meno. Kweli tunameza mamia ya mara kwa siku, lakini kila mara ni kama sekunde moja tu. William Proffit, profesa wa meno aliyefundisha North Carolina huko Marekani, alieleza kwamba jino husogezwa na mguso mwepesi unaokaa masaa mengi, kuliko nguvu kubwa ya muda mfupi. Kwa hivyo msimwangalie mtoto akimeza tu. Mwangalieni akitazama televisheni, mwangalieni amelala. Ulimi umekaa wapi? Mdomo uko wazi?

Tena mara nyingi mwanya ulitangulia, ulimi ukafuata kuuziba ili chakula na mate visimwagike. Ni kama mbuzi anayepita kwenye ua uliobomoka. Unampiga mbuzi, sawa, lakini ua ulibomolewa na nani?

Mara nyingi ni kidole. Mtoto anayenyonya kidole gumba usiku kucha baada ya miaka minne anayapa meno ule mguso wa masaa mengi. Pilipili kwenye kidole na viboko havisaidii sana. Anajificha chini ya blanketi na kunyonya zaidi, maana kidole ndicho kinachomtuliza. Msifu kila siku aliyoacha. Weka alama kwenye kalenda. Usiku mvike soksi mkononi kama yeye mwenyewe amekubali. Akiacha mapema, kabla meno ya ukubwani hayajamaliza kutoka, mwanya mara nyingi hupungua wenyewe, bila shilingi.

Kingine ni pua. Husemwa kwamba jina Nakuru latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na anayeishi hapa Kaptembwo wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa. Mtoto ambaye pua imeziba kwa mzio, au mwenye tonsili kubwa, anapumua kwa mdomo. Ulimi unashuka chini na kuja mbele ili hewa ipite. Huyo anakoroma, analala mdomo wazi, anaamka kinywa kikavu. Mpeleke kwanza kwa daktari wa masikio, pua na koo. Zoezi gani litafaa ikiwa hana njia ya kupumua?

Mambo hayo yakishashughulikiwa, ndipo mazoezi. Ncha ya ulimi iguse ule uvimbe mdogo wa ufizi nyuma ya meno ya juu, pale unapotamkia "la". Magego yakutane, midomo itulie, ameze mate ulimi usitokeze. Mara kumi baada ya kila mlo, mbele ya kioo. Mtaalamu wa matamshi akipatikana ni bora, hasa kwa kitembe. Mazoezi haya hudai miezi, si juma moja, na mtoto asiyetaka hayamfai kitu.

Yasipotosha, daktari wa meno aweza kufunga kizuizi cha waya nyuma ya meno ya juu, kimeshikwa kwenye magego. Kinaukumbusha ulimi kurudi, na kinazuia kidole pia. Hukaa miezi kadhaa. Siku za kwanza mtoto atalalamika kula na kusema. Waya za kunyoosha meno huja baadaye, kwa mwaka mmoja na nusu au miwili, na kurudi kliniki karibu kila mwezi, kisha kifaa cha kushikilia meno yasirudi. Kwa hivyo kikundi kikimsaidia mwanachama, kihesabu nauli zote, si bei ya waya tu. Anzeni idara ya meno ya hospitali kuu hapa Nakuru, muulize kama kuna haja ya kwenda kwenye hospitali ya mafunzo ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

La kuogopa ni wembe. Wako wanaokata uzi wa chini ya ulimi, wanaokata kimio, wanaochimbua vijino vya watoto wachanga wakiviita "meno ya plastiki". Damu nyingi, pepopunda, virusi vya ukimwi, na jino la ukubwani lililoharibika ndani ya ufizi kabla halijatoka. Uzi wa ulimi ukiwa mfupi kweli kiasi cha kuzuia kunyonya au kusema, hukatwa na daktari kwa vifaa safi. Kuukata peke yake hakumfundishi mtoto kumeza.

Mzazi mmoja ameuliza juu ya madoa ya kahawia. Hayo ni floridi ya maji yetu ya Bonde la Ufa, hayahusiani na ulimi.

Na mtu mzima je? Mazoezi na waya bado vyawezekana, ila mifupa ya taya imekwisha kukua. Mwanya mkubwa sana huenda ukahitaji upasuaji wa taya. Lakini kama unakula, unasema na kucheka bila taabu, si lazima ufanye lolote.