Majina Mia Moja

Wasikilizaji, nchi jirani ya Tanzania inaye binti aliyezaliwa Unguja mwaka 1954, akalelewa Uingereza, na ambaye sasa huhesabiwa miongoni mwa wasanii wakuu wa huko. Jina lake ni Lubaina Himid.

Alikuwa na umri wa miezi michache tu baba yake alipofariki kwa malaria. Mama yake, Mwingereza aliyekuwa mbunifu wa nakshi za vitambaa, akarejea naye kwao. Binti huyo alisomea upambaji wa majukwaa ya tamthilia, kisha akahitimu katika Royal College of Art, London, mwaka 1984. Alitambua kwamba wasanii weusi, hasa wanawake, walinyimwa nafasi katika majumba ya sanaa. Hakungoja kualikwa. Mwaka 1985 aliwakusanya wenzake, wakatundika kazi zao katika ushoroba wa jumba moja la London.

Kazi yake ya mwaka 2004, iitwayo Naming the Money, yastahili kuzingatiwa na kila askari. Ni sanamu 100 za mbao zilizopakwa rangi, zenye kimo cha mtu. Zinawakilisha Waafrika waliotumikishwa utumwani katika majumba ya wakubwa wa Ulaya: wapiga ngoma, mafundi viatu, waganga wa mitishamba, wafunza mbwa. Mgongoni mwa kila mmoja pana karatasi ya hesabu za biashara. Humo mtumwa ataja jina lake halisi, na lile alilobandikwa na bwana wake. Kazi aliyoijua kwao, na ile aliyolazimishwa. Daftari lililomfanya mtu kuwa mali limejibiwa kwa daftari.

Jambo hilo haliko mbali na kambi wala kituo cha polisi. Askari hupewa namba, na namba ni ya lazima kwa utaratibu. Mahabusu naye huandikwa katika kitabu cha matukio. Lakini nyuma ya kila namba yupo mtu aliyepewa jina na wazazi wake. Aliyeshika kalamu hiyo ameshika amana.

Mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 63, Lubaina Himid alitunukiwa Tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Asili yake hakuiacha: baadhi ya michoro yake imefuata umbo la kanga. Kanga ina pindo, mji na jina. Ikikosa jina, haisemi neno.