MAEGESHO: SUMU IKO KWENYE "KWA SIKU"

Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2013 ilipandisha ada ya maegesho katikati ya jiji kutoka shilingi 140 hadi 300. Kelele zote zikawa juu ya bei. Sawa, bei iliuma. Lakini sumu ilikuwa katika maneno mawili: "kwa siku". Mkubwa anayeegesha saa moja asubuhi hadi jioni alipe sawasawa na mama aliyefuata dawa kwa dakika 20! Tena mama huyo nafasi hapati. Azunguke Moi Avenue akiunguza petroli. (Minyororo ya kanjo tuiache kwa leo.)

Oklahoma City waliliona hili tangu 1935, walipoweka mita ya kwanza: senti 5 kwa saa, kisha ondoka, mwenzako aingie dukani.

Nasi twadai muda usiozidi saa mbili kwenye barabara za maduka. Na vibali? Vipewe watu wenye ulemavu na magari ya kushusha mizigo, si waheshimiwa wenye madereva. Orodha ya wenye vibali ibandikwe City Hall, tuisome.