Mshahara wa Muuguzi Uhesabiwe kwa Kinachobaki

Hotuba iliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili, Dar es Salaam



 Tunajua wengi wenu mmefunga maduka au mmeomba ruhusa kazini, na wengine mmepita kwenye foleni ya Msimbazi ambayo kila mtu hapa anaifahamu. Asanteni sana.

Tumeombwa tuzungumzie huduma za afya katika eneo letu la katikati ya jiji: Kariakoo, Gerezani, Jangwani, Mchikichini na Ilala. Tungeweza kuzungumzia majengo, dawa au vifaa. Tumechagua kuzungumzia mtu mmoja, yaani muuguzi, na jambo moja, yaani mshahara wake unapolinganishwa na gharama za kuishi hapa anapofanyia kazi.

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo. Taifa zima lilifuatilia uokoaji kwa siku kadhaa. Majeruhi walikimbizwa hospitali za jiji, ikiwemo Muhimbili. Tuliwasifu waokoaji, na walistahili. Lakini kwa kila majeruhi aliyefikishwa hospitali alikuwepo muuguzi wa kumpokea, kumsafisha vidonda, kumwekea dripu na kukesha naye. Kazi ile haikuwa ya siku moja kwake. Ndiyo kazi yake ya kila siku. Hivyo basi ni haki tujiulize: muuguzi huyu anakaa wapi, anafikaje kazini, na mwezi unapofika tarehe 20 anakula nini?

Ngazi moja, miji tofauti

Serikali yetu huwalipa watumishi wa afya kwa ngazi maalumu ya mishahara iitwayo TGHS. Muuguzi mwenye cheti huanzia ngazi A, mwenye stashahada ngazi B, na mwenye shahada ngazi C. Ngazi hii ni moja kwa nchi nzima. Anayeanza kazi Songea na anayeanza kazi Ilala, wakiwa na elimu moja, hulipwa sawa. Vituo vingi vya makanisa navyo hujitahidi kuifuata ngazi hiyo, kwa sababu visipofanya hivyo havipati mtu.

Kwa macho ya haraka huo ni usawa. Tunaomba tuutazame kwa karatasi na kalamu. Tutachukua mshahara wa mfano. Si wa mtu yeyote. Kila kamati ikirudi nyumbani iweke namba za kituo chake.

Tuseme mshahara ni shilingi 700,000 kwa mwezi, na muuguzi ni wa serikali. Kwa viwango vya mwaka 2025, mfuko wa pensheni wa PSSSF unachukua asilimia 5, yaani 35,000. Kodi ya mapato inachukua 49,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 21,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, yaani 14,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, anakatwa asilimia 15 ya mshahara, yaani 105,000. Jumla ya makato ni 224,000. Mkononi anapata 476,000.

Hapo bado wote wawili, wa Songea na wa Ilala, wako sawa. Tofauti inaanza wanapotoka benki.

Yule wa mbali na jiji, tuseme amepanga vyumba kwa 50,000 na anatembea kwa miguu hadi kituoni. Anabaki na 426,000. Huyu wetu hawezi kupanga Kariakoo. Nyumba za Kiswahili zenye vyumba sita, ambamo zamani karani, fundi cherehani na muuguzi waliishi uani pamoja, zimebomolewa moja baada ya nyingine na kuwa maghorofa ya maduka na stoo. Amehamia Mbagala, Chanika, Kivule au Gongo la Mboto. Tuseme chumba na sebule huko ni 150,000. Nauli ya chini ya daladala ilipandishwa mwezi Desemba 2023 kutoka 500 hadi 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10. Akipanda magari mawili kuja na mawili kurudi, kwa nauli hiyo ya chini kabisa, ni 2,400 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni 52,800. Anabaki na 273,200.

Gawanyeni kwa siku 30. Ni kama 9,100 kwa siku. Kama ni familia ya watu wanne, ni chini ya 2,300 kwa kila mmoja. Humo ndimo chakula, gesi au mkaa, maji, umeme, sabuni, madaftari ya watoto, sadaka ya Jumapili na fedha ya mama aliyeko kijijini. Wawili hawa wana cheo kimoja na mshahara mmoja, lakini kinachobaki kimetofautiana kwa zaidi ya 150,000 kila mwezi.

Kodi ya miezi sita

Ndugu wajumbe, hesabu hiyo bado ni ya upole, kwa sababu tumeigawa kodi ya nyumba mwezi kwa mwezi. Sisi sote tuliowahi kupanga katika jiji hili tunajua kwamba mambo hayaendi hivyo. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na wengine wanataka ya mwaka. Dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Kwa mfano wetu, ni 900,000 na 150,000, jumla 1,050,000. Mtu anayepokea 476,000 anatakiwa kutoa zaidi ya mishahara miwili mizima siku moja, kabla hajanunua hata kibiriti.

Fedha hiyo anaipata wapi? Mwenye bahati anaipata kwenye kikoba chake. Asiye na bahati anaangukia kwenye mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Wengine huchukua madera Kariakoo kwa bei ya jumla na kuyauza kwa wenzao kazini. Hilo si kosa, ni juhudi. Wengine, na hili ndilo linalotusumbua, hutoka zamu ya usiku kwenye kituo kimoja na kuingia zamu ya mchana kwenye kituo kingine kama deiwaka.

Mimi na wewe tunapolala wodini, hatumwulizi muuguzi amelala lini. Lakini dawa inayopimwa na mtu ambaye hajalala kwa saa 24 ni hatari kwa mgonjwa. Suala la mshahara wa muuguzi si suala la huruma kwa muuguzi peke yake. Ni suala la usalama wa mama anayejifungua saa tisa usiku.

Tumejifunza nini huko nyuma

Makanisa yamekuwa katika huduma ya afya nchini tangu enzi za wamisionari. Mwaka 1992 yaliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, na kuweka makubaliano na serikali. Zipo hospitali teule ambazo serikali huchangia mishahara. Huo ni ushirikiano mzuri. Lakini katikati ya miaka ya 2000, serikali ilipopandisha mishahara ya afya na kufungua tena ajira baada ya ukame wa miaka ya 1990, vituo vingi vya makanisa viliondokewa na wauguzi. Hatukuweza kuwalaumu. Mtu mwenye watoto huenda panapolipa. Fundisho ni kwamba moyo wa kujitolea ni mtaji, nao huisha usipoongezewa.

Lipo fundisho la pili, na tunaliona muhimu zaidi. Wamisionari walipojenga zahanati kijijini, kando yake walijenga nyumba ya muuguzi. Nyumba ile ilikuwa sehemu ya mshahara, ingawa haikuandikwa kwenye hati ya malipo. Serikali nayo ilikuwa na nyumba nyingi za watumishi mijini, na nyingi ziliuzwa miaka ya 2000. Sisi wa mjini tumebaki na zahanati, nyumba imepotea, na mshahara umeachwa ubebe mzigo ambao haukupimiwa.

Nchi nyingine zimelitambua jambo hili. Kwa jirani zetu Kenya, posho ya nyumba ya mtumishi wa serikali hutegemea kituo chake cha kazi, na wa Nairobi hupata zaidi. Uingereza, chini ya mfumo wa malipo ulioanza mwaka 2004, muuguzi wa hospitali za umma aliyeko katikati ya London huongezewa asilimia 20 ya mshahara, ikiwa na kiwango cha chini na cha juu, kwa sababu tu ya ughali wa jiji. Muuguzi wa London hahesabiwi kuwa bora kuliko wa vijijini. Wamekubali tu kwamba mkate wa London una bei yake.

Swali la wenzetu wa vijijini

Tunajua wapo watakaosema: vijijini hakuna wauguzi kabisa, nanyi mnataka kuwaongezea wa Kariakoo? Swali hili ni la haki na hatutalikwepa. Vivutio vya kupeleka watumishi pembezoni ni lazima, na taasisi kama Mkapa Foundation, iliyoanzishwa mwaka 2006, zimefanya kazi kubwa huko. Hatuombi hata senti moja itoke kijijini kuja mjini. Tunachoomba ni kanuni moja kwa wote: kituo kihesabu kinachobaki. Kijijini jibu linaweza kuwa nyumba na maji. Mjini jibu ni kodi na nauli.

Wapo pia watakaosema tupandishe ada ya matibabu. Tunaomba tusifanye hivyo. Wagonjwa wetu ni wapagazi wa sokoni, mama ntilie, wamachinga na wasukuma mikokoteni. Kumlipa muuguzi kwa kumfukuza mgonjwa ni kuziba tundu kwa kutoboa jingine.

Mapendekezo yetu

Kwanza, mfuko wa kodi ya pango. Kituo chenye wauguzi sita kikitenga mara moja 6,300,000, kinaweza kumkopesha kila mmoja ile 1,050,000 bila riba, naye akairejesha kwa miezi sita kwa makato ya 175,000, kwa ridhaa yake iliyoandikwa. Mwenye nyumba anapata chake, muuguzi anaepuka kausha damu, na fedha inarudi kwenye mfuko tayari kwa kodi inayofuata. Ndugu wafadhili, mmetueleza mara nyingi kwamba taratibu zenu haziruhusu kulipa mishahara. Tunawaelewa. Huu si mshahara. Ni fedha inayotolewa mara moja na kuzunguka kwa miaka, na hesabu zake mtaletewa.

Pili, usafiri wa zamu. Muuguzi anayemaliza kazi saa tatu usiku asiachwe kituoni akisubiri daladala la mwisho na simu yake mfukoni. Bajaji ya kukodi kwa wawili au watatu wanaoelekea upande mmoja inaweza kuingizwa kwenye bajeti kama tunavyoingiza umeme na maji. Zipo parokia katika eneo hili zenye fremu za maduka. Tunaomba kamati zao zifikirie kutenga sehemu ndogo ya kodi ya fremu hizo kwa jambo hili. Ardhi ya Kariakoo ndiyo iliyomhamishia muuguzi Chanika. Si vibaya ardhi hiyo hiyo ikimsaidia kurudi nyumbani salama.

Tatu, jedwali la mistari mitano. Kila baada ya miezi sita, kamati iletewe kwa kila kada ya wauguzi: mshahara, makato, kodi ya nyumba, nauli, na kinachobaki. Bila majina. Tukiuona mstari wa tano kwa macho yetu, mjadala wa bajeti utakuwa tofauti. Serikali ilipandisha kima cha chini cha watumishi wa umma kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, nasi tunashukuru. Lakini nyongeza ikitangazwa leo na mwenye nyumba akaisikia leo hii hii, mstari wa tano ndio pekee utakaotuambia kama muuguzi amenufaika.

Hitimisho

Ndugu zetu, hatukuja kuwaambia kwamba mifuko ya parokia imejaa. Tunaijua, kwani ndiyo hiyo hiyo tunayoihesabu pamoja kila Jumapili. Mapendekezo haya hayatamaliza tofauti ile ya 150,000. Yataondoa mambo mawili tu: mkupuo wa kodi na hofu ya usiku. Lakini hayo mawili ndiyo yanayomfanya muuguzi mzuri aache kazi, au abaki akiwa amechoka.

Bajeti za mwaka ujao zinajadiliwa mwezi huu. Tunaomba kila kamati, kabla ya kupitisha rangi mpya ya ukuta au geti jipya, imwite muuguzi wake mmoja, imkaribishe kiti na chai, na imwulize maswali mawili: unakaa wapi, na kodi yako inaisha lini? Imani yetu inatufundisha kwamba ujira wa mtu aliyefanya kazi ni deni, wala si sadaka. Tuanze kulilipa kwa kulifahamu.