Nani Alikagua Mradi Wenu?

Sisi tunaoongoza chama cha watathmini wa miradi katika kaunti hii hatukusomea kazi moja. Mwenyekiti ni mhandisi wa maji, katibu alikuwa muuguzi, nami mweka hazina ni mhasibu. Kisima kikichimbwa, mimi hukagua risiti, mwenyekiti hupima kiasi cha maji, katibu huuliza kama watoto bado wanahara. Lakini anayejua kwamba mfereji ulikauka juzi ni mama mwenye mtungi. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Basi ripoti ya tathmini ikisomwa barazani, ulizeni: nani alikagua, na alizungumza na nani?