Mtini Wakati wa Baridi

Mazungumzo ya redio. Somo: Luka 13:6-9



Nimepokea barua kutoka kwa mama mmoja wa upande wa Kimilili. Jina lake sitalitaja, naye mwenyewe ameomba hivyo. Anaandika kwamba mwanawe wa kiume ana miaka 24. Kijana huyu alikwenda Kitale akapata kibarua katika mashamba ya mahindi, kisha akaingia katika ulevi wa chang'aa, na kazi ikapotea. Alirudi nyumbani mara moja, akamchukua ng'ombe wa baba yake usiku akamwuza, akaondoka tena. Sasa ni miaka 3 hajakanyaga uani. Baba yake ni mzee wa kanisa. Amesema kwamba Desemba hii, watoto wote watakapokuwa nyumbani, atagawa shamba, na fungu la kijana huyu atapewa mdogo wake. Mama alipomsihi, mzee alifungua Biblia akamsomea mfano wa mtini usiozaa. Akamwambia, "Mwenye shamba alihesabu miaka mitatu. Na mimi nimehesabu." Mama anauliza: Je, mume wangu amesoma vema?

Swali hili ni la haki. Lakini kabla ya kulijibu yatupasa tuujue mti wenyewe, maana wengi wetu tumesoma habari za mtini tangu shule ya Jumapili wala hatujawahi kuuona. Tunauchanganya na mkuyu.

Mkuyu tunaujua sana. Uko kando ya mto Nzoia, Wabukusu wanauita kumukhuyu, na chini ya kivuli chake watu wamekaa wakaamua mashauri mengi. Ndio mti alioupanda Zakayo, tena nabii Amosi alikuwa mtunzaji wa mikuyu. Mtini ni ndugu yake wa ukoo mmoja, ila tabia zao ni mbalimbali. Mkuyu hupenda joto. Katika 1 Mambo ya Nyakati 27 tunasoma kwamba mfalme Daudi alikuwa na msimamizi wa mizeituni na mikuyu, jina lake Baal-hanani, na miti hiyo ilikuwa Shefela, yaani nchi ya chini, si juu milimani. Na Zaburi ya 78 inakumbusha jinsi mikuyu ya Misri ilivyoharibiwa kwa mvua ya mawe na baridi.

Mtini waweza kukaa milimani, kwa kuwa una njia yake ya kujiokoa. Baridi ikija, hupukutisha majani yote, ukabaki uchi, rangi ya majivu, kama kuni zilizosimikwa ardhini. Utomvu umelala. Mtu wa Palestina akiuona hivyo mwezi wa Januari hashangai hata kidogo, bali mtu wa Bungoma akiuona atakwenda kuchukua panga.

Mimi nilifundishwa habari hizi na mzee mmoja mwenye shamba juu ya Kitale, kuelekea milima ya Cherangani. Ninyi mnaosafiri huko mwajua baridi yake. Mji wa Bungoma uko kama mita 1,400 juu ya bahari, na Kitale karibu mita 1,900. Na kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Ukiupita mji wa Kitale ukazidi kupanda, basi usiku wa Desemba au Januari, mbingu ikiwa haina wingu, joto la ardhi hupaa likaenda zake. Hewa ya baridi ni nzito, nayo huteremka mabondeni kama maji. Asubuhi unakuta nyasi nyeupe kwa sakitu, ule umande ulioganda. Wakulima wa majani chai wa Nandi na Kericho wanaikumbuka Januari ya mwaka 2012, jinsi sakitu ilivyounguza mashamba yao.

Mzee huyu alikuwa amepanda mitini miwili, na bila kujua akaipanda bondeni, pale pale baridi inapokusanyika. Mwaka wa pili sakitu ikaipiga. Majani yakawa meusi, matawi yakakauka, na jirani zake wakamwambia aing'oe apande viazi. Mzee hakubishana nao. Alikwenda akakwaruza gome kwa ukucha. Juu ya tawi alikuta pakavu, rangi ya udongo. Akashuka chini kidogo, akakwaruza tena, bado pakavu. Akaendelea hivyo hata akafika karibu na ardhi, na hapo, chini ya gome, akaona rangi ya kijani.

Basi hakukata kitu. Hapo nataka mtu anisikilize vizuri, kwa maana watu wengi hukosea hapa. Mti uliopigwa na baridi haukatwi siku ile ile. Hujui bado kilichokufa ni kipi na kilicholala ni kipi, na panga halijui. Ngoja machipukizi yatoke, ndipo ukate kilicho kikavu. Mvua za Machi zilipoanza, mmoja wa ile mitini ulitoa machipukizi manne kutoka shinani. Ule mwingine ulikufa kweli, sitawaficha.

Tangu hapo mzee amejifunza kuulinda. Ifikapo Novemba hautii samadi. Nilipomwuliza sababu, akacheka, akasema samadi ikitiwa wakati huo huuamsha mti, ukatoa machipukizi mororo, na hayo ndiyo huungua kwanza. Mtini mkubwa uliolala huweza kustahimili nyuzi kadhaa chini ya pale maji yanapoganda, lakini chipukizi changa haliwezi. Kisha hukusanya nyasi kavu na mabua ya mahindi akayarundika shinani, kufika magotini. Matawi hayamtii hofu sana. Tawi likifa, shina hutoa jingine. Mzizi ukifa, kazi imekwisha. Usiku wa mbingu nyeupe hufunika mti kwa magunia juu ya vijiti, yasiguse majani, na asubuhi huyaondoa. Karatasi ya nailoni haitaki, kwa sababu hutoa jasho na mti ukaoza. Na mvua zikishika, huondoa mabua yote mara moja, maana mti uliofunikwa kupita wakati wake hudhoofika. Wako wazazi ambao ningependa walisikie hilo la mwisho, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Huko Marekani, katika mji wa New York, baridi ni kali kupita hii yetu mara nyingi. Waitaliano waliohamia huko zaidi ya miaka 100 iliyopita walichukua vipandikizi vya mitini ya kwao. Wengine waliifunga kwa nguo kuukuu na mazulia, wakaweka ndoo juu ya kilele mvua isiingie. Wengine walifanya jambo la ajabu zaidi. Walikata mizizi ya upande mmoja, wakaulaza mti wote katika handaki, wakaufunika kwa mbao na majani na udongo. Waliuzika mzima. Karibu na Pasaka waliufukua wakausimamisha tena, nao ukazaa. Mpita njia aliyeona mtu akifukia mti wake Novemba angedhani ameukatia tamaa.

Sasa turudi kwa barua ya mama.

Mzee wa nyumba ile amesoma vema kwa sehemu. Mwenye shamba katika Luka 13 hakuwa mtu mkatili. Alikuja kutafuta tunda mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, wala hakupata. Mti ulikuwa unakula ardhi ambayo ingefaa kwa kitu kingine. Baba aliyeibiwa ng'ombe na mwanawe mwenyewe, akasubiri miaka 3, si haki tumwite mtu asiye na huruma. Mimi simwiti hivyo.

Lakini ameishia kusoma katikati. Katika mfano ule kuna watu wawili, na wa pili ndiye aliyeshika jembe. Mtunza shamba hakusema kwamba mti ni mzuri. Hakumlaumu bwana wake, wala hakuomba uachwe milele. Aliomba mwaka mmoja. Tena angalieni alivyoomba: alisema yeye mwenyewe ataupalilia na kuutilia samadi. Hakumwambia bwana wake, "Ngoja," kisha akaenda kulala. Katika makanisa yetu tunao wengi wa kuwaambia wazazi wangoje, na wachache sana wa kulipa nauli ya kwenda Kitale.

Na mfano unaishia hapo. Bwana Yesu hakutuambia kama mwaka uliofuata mti ulizaa au ulikatwa. Nimesoma wahubiri wanaomalizia wao wenyewe, wakasema ulizaa sana. Biblia haisemi hivyo. Iliachwa wazi, na shamba la Kimilili nalo liko wazi mpaka Desemba.

Mama, mwishoni kabisa mwa barua yako, baada ya salamu, umeandika jambo kama la kuongezea tu. Umesema shule zilipofunguliwa Januari, kondakta wa matatu alileta shilingi 200 katika karatasi iliyokunjwa, bila barua, akasema ni za daftari za yule binti mdogo. Kondakta hakutaja jina la aliyemtuma. Nawe ulijua, lakini hukumwambia mume wako, kwa kuogopa asije akasema ni fedha za pombe.

Mama, mwambie. Wewe umekwaruza gome ukaona kijani, halafu ukalificha jambo hilo kwa mtu ambaye ndiye mwenye panga. Shilingi 200 si tunda, wala hazilipi ng'ombe. Lakini mti mkavu hautoi hata hilo.

Kisha usiombe mambo mengi. Usimwambie mzee amsamehe leo, wala amwite nyumbani, wala asahau ng'ombe. Mwombe kitu kimoja, kwamba fungu lile lisigawiwe Desemba hii, likae mwaka mmoja. Mdogo mtu aweza kulilima kwa mwaka huo, mahindi yawe yake, bali mpaka usiwekwe. Udongo hautakimbia.

Na mwende Kitale. Usiende peke yako. Chukua mmoja wa wazee wa kanisa, na kama mjomba wa kijana yu hai, aende yeye, kwa kuwa kijana aweza kumwambia mjomba yale asiyoweza kumwambia mama. Msimpelekee fedha. Fedha mkononi mwa mlevi ni samadi ya Novemba. Mpelekeeni blanketi na chakula, kaeni naye, mwulizeni habari zake, rudini. Baada ya mwezi mwende tena. Mkimwona amepata kazi, hata ya kubeba magunia, na wiki mbili hajanywa, hapo ndipo mfikirie kumsaidia kwa kitu kikubwa zaidi.

Siwezi kukuahidi, mama, kwamba kijana atarudi. Yule mzee wa Cherangani alikuwa na mitini miwili.

Nawe mzee, kama redio iko wazi hapo nyumbani na unanisikia, nakusalimu kwa heshima. Mke wako hakuandika ili kukushtaki. Ameandika kurasa nne, na katika zote nne hakuna neno moja baya juu yako. Wewe ni mkulima, na miti umeipanda mingi. Nenda ukamwulize habari za zile shilingi 200.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaendelea na sura hiyo hiyo ya Luka, kuanzia mstari wa 10, habari za yule mwanamke aliyekuwa amepinda mgongo kwa miaka 18. Someni kabla ya siku hiyo. Kwa sasa nawaaga, na Bwana awalinde usiku huu.