Kuhuisha Samani Zilizotumika kwa Rangi: Mbao, Mawese na Majira ya Ujiji

Samani zilizotumika huingia katika nyumba za Ujiji, Kigoma, kwa njia chache zinazojulikana. Mtumishi anayehamishwa huuza vitu vyake vya ndani badala ya kuvisafirisha. Warithi hugawana vyombo vya mzee aliyefariki. Na seremala hupokea kabati la zamani kutoka kwa mteja anayetaka jipya, akalikarabati na kuliuza. Samani mpya za kiwandani hufika Kigoma zikiwa zimeshabeba nauli ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, iwe kwa lori au kwa Reli ya Kati, iliyofika hapa mwaka 1914. Kabati kuukuu lenye miguu imara, kwa hiyo, bado ni mali. Kopo moja la rangi linaweza kulirudishia hadhi, kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya kazi ifanyike kabla kopo halijafunguliwa.

Kukagua na kuchagua

Kwanza kitu hugongwa kwa kifundo cha kidole. Mlio mkavu ni wa mbao nzima. Mlio wa uwazi ni wa mbao iliyoliwa na mchwa kwa ndani. Unga mwembamba chini ya miguu, pamoja na vitobo vidogo vya duara, ni dalili ya wadudu wanaobungua mbao, na rangi haiwaui. Kiungo kinachocheza hufunguliwa, gundi ya zamani ikakwanguliwa, kisha kikabanwa upya kwa gundi ya mbao na kuachwa usiku kucha. Msumari unaopigiliwa juu ya kiungo kilicholegea hupasua mbao, na kulegea kunabaki palepale.

Swali la pili, ambalo wengi hulipita, ni kama kitu chenyewe kinafaa kupakwa. Mkoa wa Kigoma umo katika ukanda wa misitu ya miombo, na samani nyingi za zamani ni za mninga au mkongo. Kupaka mninga rangi ya mafuta ni hasara tupu. Mistari yake ya hudhurungi ndiyo inayoupa bei sokoni, na rangi ikishazama katika vinyweleo vya mbao, kuitoa ni kazi ya siku kadhaa. Mninga husuguliwa, ukapakwa vanishi, basi. Rangi inafaa kwa msonobari, plaiwudi, chuma, na mbao zilizochanganywa vipande vya miti tofauti, ambazo kasoro zake zote huanikwa na vanishi.

Mafuta ya mawese na uchafu mwingine

Kigoma ni mkoa wa michikichi, na kabati la jikoni la Ujiji huyajua mawese kuliko linavyoyajua maji. Karibu na vishikio na kwenye kingo za milango hujijenga utando wa rangi ya chungwa, mwembamba kiasi kwamba macho huuzoea. Rangi ikipakwa juu yake huonekana nzuri kwa wiki mbili tatu, kisha huanza kumenyeka hapohapo mkono unaposhika. Lawama huangukia rangi, wakati kosa ni la utando.

Mawese huganda yakipoa, kwa hiyo maji baridi hayasaidii. Huoshwa kwa maji ya moto yenye sabuni ya unga, kwa kitambaa kinachokamuliwa vizuri ili mbao isilowe sana. Palipogoma hupakwa uji wa jivu la kuni: jivu lina magadi, na magadi hugeuza mafuta kuwa sabuni, kanuni ileile inayotumiwa na watengenezaji wa sabuni ya mawese. Uji huo huachwa kwa dakika chache, ukasuguliwa na kuoshwa mpaka utelezi uishe, kwa kuwa mabaki ya magadi nayo hukataa rangi. Kipimo cha mwisho ni tone la maji. Likikaa juu ya mbao kama shanga, mafuta bado yapo. Likitanda, kazi inaweza kuendelea baada ya mbao kukauka kivulini kwa siku nzima.

Msasa, na tahadhari ya risasi

Msasa haukusudiwi kuondoa rangi yote ya zamani. Hukusudiwa kuondoa kile kinachobanduka na kuukwaruza uso unaong'aa ili rangi mpya ipate pa kushika. Namba 80 huondoa maganda na mikwaruzo mikubwa, namba 120 husawazisha, namba 220 hulainisha. Msasa husuguliwa kufuata mkondo wa nyuzi za mbao. Ukikatisha nyuzi, mikwaruzo huonekana hata chini ya mikono miwili ya rangi. Mashimo huzibwa kwa unga wa msasa uliotoka kwenye mbao hiyohiyo, ukichanganywa na gundi ya mbao hadi uwe kama ugali mzito, na kujazwa kidogo kupita kiasi, maana hunywea ukikauka.

Rangi za mafuta za zamani, hasa nyekundu, manjano na kijani, zinaweza kuwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaoathirika zaidi, kwa kuwa risasi huharibu ubongo unaokua. Rangi ya zamani isiyojulikana asili yake isisuguliwe ikiwa kavu. Msasa unaostahimili maji huchovywa, vumbi likabaki tope, tope likafutwa kwa kitambaa na kitambaa kikatupwa. Kazi ifanyike nje, mbali na watoto na vyombo vya chakula, na rangi hiyo isichomwe moto ili ibanduke. Kwa rangi mpya, pendekezo la kimataifa ni risasi isiyozidi sehemu 90 katika kila milioni. Mnunuzi achague kopo lenye maelezo kamili ya mtengenezaji na aliache lililojazwa upya dukani.

Rangi na hesabu yake

Rangi ya mafuta hustahimili kusuguliwa na kuoshwa, hivyo inafaa kwa meza, viti na makabati ya jikoni. Rangi ya maji hukauka haraka na haina harufu kali, lakini ile ya ukutani ni laini mno kwa samani zinazoguswa kila siku. Rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta isiyosuguliwa hutoka kama ngozi. Asiyejua samani yake ilipakwa nini aisugue mahali pa siri kwa pamba yenye spiriti: rangi ya maji italainika na kuchafua pamba, ya mafuta haitaikubali.

Hesabu huzuia kununua kupita kiasi. Kabati la urefu wa mita 1.8, upana wa mita 1.2 na kina cha mita 0.5 lina eneo la mita za mraba 2.16 mbele, 1.8 kwa pande mbili, na 0.6 juu: jumla takriban 4.6. Mikono miwili ni kama mita za mraba 9. Lita moja ya rangi ya mafuta hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo lita moja inatosha. Lita 4 ni fedha inayokauka ndani ya kopo. Anayechanganya mabaki ya makopo achanganye ya aina moja tu, na achanganye yote kwa mara moja, kwani rangi ileile haipatikani tena.

Ya kupunguzia rangi ya mafuta ni tapentaini. Thina ya kupulizia magari hukunja rangi iliyo chini, mafuta ya taa huchelewesha kukauka na kuua mng'ao, na petroli ni hatari ya moto isiyo na kisingizio.

Mvua za Kigoma huanza kwa kawaida Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei. Kiangazi, Juni hadi Septemba, ndicho msimu wa kupaka, lakini kina vumbi. Mafundi humwagia maji ardhi inayozunguka samani kabla ya kuanza. Wakati wa mvua kazi ianze baada ya umande kukauka na iishe mapema alasiri. Mkono wa pili husubiri saa 24.

Chuma na mapambo

Kitanda cha chuma husuguliwa kwa brashi ya waya hadi kutu iishe, kikapakwa rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Kukinga chuma kisionane na maji ni elimu ya zamani katika Ziwa Tanganyika: mwaka 1916 Wajerumani walipaka grisi mitambo ya meli yao kabla ya kuizamisha, nayo, iliyoopolewa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Fremu ya kioo hupakwa baada ya kioo kufunikwa kwa gazeti lililoloweshwa maji ya sabuni. Chungu cha maua huanza na rangi ya maji iliyozimuliwa, kwa kuwa udongo hunywa. Mtungi wa maji ya kunywa usipakwe kabisa: hupoza kwa sababu maji hupenya udongo na kukauka nje, na rangi huziba njia hiyo.

Kabati lililopakwa lisipangwe vyombo kabla ya wiki moja, hata likionekana limekauka. Brashi huoshwa kwa tapentaini ndani ya kopo, kopo likafunikwa hadi tope litulie, na ile safi ya juu hutumika tena. Tapentaini isimwagwe mtaroni. Mitaro ya Ujiji hushuka Ziwa Tanganyika, ambalo lina mto mmoja tu unaotoa maji yake, Lukuga, na maji mengi ya ziwa huondoka kwa kugeuka mvuke, yakiacha nyuma kila kilichotiwa humo.